Kaskazi Isiyovuma Nyanchwa: Majira na Sikukuu katika Tafakari za Kikristo za Kisii na Nyamira

UTANGULIZI

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulikia kwa mapana riwaya, tamthilia na ushairi, na hasa tenzi za dini ya Kiislamu. Lakini upo utanzu mmoja wa nathari ambao husomwa kila alfajiri katika nyumba nyingi ambazo riwaya haijawahi kuingia, na ambao wahakiki wameuachia makasisi. Utanzu huo ni tafakari ya Kikristo: maandishi mafupi yanayoanza na fungu la Maandiko, yakaendelea kwa maelezo, na kuishia kwa sala au wito, nayo yamepangwa kufuata siku, majira na sikukuu za mwaka.

Makala haya yanachunguza tafakari za Kiswahili kama zinavyosomwa na kuhubiriwa katika Kisii na Nyamira. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Abagusii si wasemaji asilia wa Kiswahili. Kwao Kiswahili ni lugha ya kitabu na ya mjini, ilhali Ekegusii ndicho cha nyumbani. Kwa hiyo lugha ya tafakari inapimwa hapa kwa ukali zaidi kuliko pwani. Pili, katika milima hii kalenda za makanisa mbalimbali zinaishi bega kwa bega, na zote zinakutana na kalenda ya shamba na ya mila.

Hoja ya makala ni kwamba tafakari hufaulu, kifani na kimaudhui, pale tu inaporuhusu mwaka wa mahali kuujibu mwaka wa kanisa. Jibu hilo linaweza kupatikana wakati wa Kwaresima na Pasaka. Katika mwezi wa Desemba, ambako linahitajika kuliko wakati mwingine wowote, halipatikani.

KALENDA TATU

Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua kituo cha Nyabururu mwaka 1911. Muda mfupi baadaye Waadventista wa Sabato walijenga chao katika kilima cha Nyanchwa. Vituo hivi viwili, ambavyo vyote viko karibu na mji wa Kisii, vililetea watu wa eneo hilo namna mbili tofauti za kuuhesabu mwaka.

Mwaka wa Nyabururu ni wa liturujia. Huanza na Majilio, ukapita Noeli, Kwaresima, Pasaka na Pentekoste, na kufungwa kwa sikukuu ya Kristo Mfalme. Ni mwaka wa kisa: unaanza kwa kungoja kuzaliwa na kuishia kwa enzi. Mwaka wa Nyanchwa hauna kisa cha namna hiyo. Msingi wake ni juma, na kilele cha juma ni Sabato. Majuma kumi na matatu hufanya robo, na kila robo ina kitabu chake cha Shule ya Sabato, ambacho waumini hukiita lesoni. Waadventista hawana Majilio wala Kwaresima, na kanisa lao haliamuru kuadhimishwa kwa Noeli, ingawa familia nyingi hushiriki mapumziko yake. Mkusanyiko mkubwa katika mwaka wao ni makambi, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Agosti.

Kalenda ya tatu ilikuwapo kabla ya hizo mbili. Ni ile ya wimbi na mahindi, ya mvua na ya jando. John Mbiti, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba wakati wa Kiafrika huhesabiwa kwa matukio wala si kwa tarakimu. Na ili aueleze wakati huo aliazima maneno mawili ya Kiswahili, *sasa* na *zamani*. Wako waliompinga Mbiti kuhusu wakati ujao. Hata hivyo maoni yake juu ya kalenda ya matukio yanafaa hapa. Mkulima wa Nyamira hasemi kwamba mwezi wa Machi umefika na kwa hiyo apande. Mvua ikishika, anapanda, na mwezi unapata maana yake kutokana na kazi hiyo.

Tukio la makambi linaonyesha jinsi kalenda ya kigeni inavyoweza kupata kwao. Mikutano ya kambi ilianza Marekani katika karne ya 19. Ilipofika Kisii iliangukia likizo ya shule na majira ambapo mahindi ya msimu mkubwa yanaiva au yanavunwa. Hakuna aliyeamuru kwamba makambi yawe sikukuu ya mavuno. Lakini watu hukutana wakiwa na chakula, jamaa waliotawanyika wakaonana, na mahubiri ya kumaliza kazi na kukusanya matunda yakasikika mbele ya watu ambao mikono yao ingali na vumbi la maganda. Mahubiri ya makambi hayalazimiki kutafuta mfano mbali.

MSAMIATI WA MAJIRA

Haiwezekani kuhakiki tafakari bila kuhakiki kwanza Biblia inayotafakariwa. Biblia iliyotawala makanisa ya Kiprotestanti ya Kiswahili ni tafsiri ya Union, iliyokamilika mwaka 1952. Ilizaliwa katika kipindi cha usanifishaji, baada ya lahaja ya Kiunguja kuteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hapana budi basi kwamba msamiati wake wa majira utoke pwani.

Tazama Mwanzo sura ya 8, katika ahadi anayopewa Nuhu baada ya gharika. Palipokuwa na jozi ya kiangazi na majira ya baridi katika Kiebrania, wafasiri waliweka *kaskazi* na *kusi*. Uteuzi huo una fahari yake. Kwa msomaji wa Lamu au Unguja, kaskazi na kusi ndizo nguzo za mwaka: upepo mmoja huleta majahazi na mwingine huyarudisha. Kuahidiwa kwamba pepo hizo hazitakoma ni kuahidiwa kwamba maisha yataendelea.

Lakini tazama tena Wimbo Ulio Bora sura ya 2, pale mpenzi anapoitwa atoke nje kwa kuwa majira mabaya yamepita. Hapa majira ya baridi yameitwa *kaskazi*. Neno lililosimama mahali pa kiangazi katika Mwanzo linasimama mahali pa baridi katika Wimbo. Si vigumu kuona jinsi jambo hili lilivyotokea. Katika Mwanzo mfasiri amefuata joto, kwa kuwa kaskazi ni majira ya hari pwani. Katika Wimbo amefuata miezi, kwa kuwa kaskazi huvuma katika miezi ambayo Palestina ina baridi na mvua. Kila uteuzi ukitazamwa peke yake unaeleweka. Ukiwekwa kando ya mwenzake, unaonyesha kwamba hakuna upepo wa Bahari ya Hindi uwezao kubeba hali ya hewa ya Yerusalemu bila kumwaga kitu njiani.

Nyanchwa hakuna kaskazi wala kusi. Nyanda hizi za juu hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mwezi mkavu kabisa ni nadra. Msomaji wa Kisii anapokutana na maneno haya huyapokea kama maneno ya dini, yaani maneno yasiyodai kueleweka. Hii ndiyo hatari kubwa. Neno la majira, ambalo kazi yake ni kuifunga imani na ngozi ya mtu, limegeuka kuwa pambo.

Jozi ya pili ni *masika* na *vuli*, inayopatikana katika Yoeli sura ya 2. Jozi hii imepata uzito wa pekee miongoni mwa Waadventista, ambao mafundisho yao huitumia kueleza kumiminwa kwa Roho: mvua ya vuli ilinyesha siku ya Pentekoste, na mvua ya masika inangojewa kabla ya mwisho wa dunia. Katika Palestina mvua ya kwanza hunyesha wakati wa kupanda na mvua ya mwisho hunyesha kabla ya kuvuna, ikakomaza nafaka. Wafasiri walilinganisha miezi, na kwa miezi hawakukosea. Walichoshindwa kukilinganisha ni kazi ya mvua hizo shambani. Katika Kisii na Nyamira, mvua kubwa za kuanzia Februari au Machi hadi Mei si mvua za kukomaza. Ni mvua za mbegu.

Kwa hiyo mhubiri anapowahimiza wasikilizaji waombe mvua ya masika, yeye anazungumzia mwisho, na wao wanasikia mwanzo. Yeye anaona mganda, wao wanaona jembe. Mbiti aligusa tatizo la aina hii katika utafiti wake wa mwaka 1971 juu ya mafundisho ya siku za mwisho miongoni mwa Wakamba, alipoonyesha kwamba picha za Maandiko hupokewa kwa maana ambayo mfundishaji hakuikusudia. Lakini haifai kuliita jambo hili kosa tupu. Mwandishi mwenye kipawa angeweza kuushika mgongano huu na kuuliza: itakuwaje ikiwa mwisho unaongojewa una sura ya kupanda? Swali hilo lingekuwa tafakari ya kweli, na lisingeweza kuandikwa mahali ambapo masika yanaivisha ngano.

FANI: TAREHE ISIYO NA SIKU

Kielelezo maarufu cha tafakari ya kila siku kwa Waadventista ni *Kesha la Asubuhi*. Kila ukurasa una tarehe, kichwa, fungu na maelezo, ambayo mara nyingi yametolewa katika maandishi ya Ellen G. White. Bibi White alizaliwa Maine, Marekani, mwaka 1827, akafariki California mwaka 1915. Aliishi Australia kati ya mwaka 1891 na 1900, na kwa hiyo aliwahi kuona kwa macho yake Desemba yenye jua kali.

Sifa ya kazi hii ni nidhamu yake. Humfundisha msomaji kuianza siku kwa neno kabla ya kuianza kwa kazi, na kusoma kwa pamoja kunaijenga familia. Kiswahili chake kimewapa waumini wengi wa bara mazoea ya kusoma nathari sanifu. Upungufu wake ni kwamba tarehe imeandikwa juu ya ukurasa lakini ndani ya ukurasa hamna siku. Somo la tarehe 14 Aprili linaweza kupelekwa tarehe 14 Oktoba na kisipotee kitu. Nafsi inayotumika ni ya wingi, *sisi*, lakini *sisi* huyo hana mtaa, hana mvua, hana deni la karo. Anatenda dhambi na kutubu katika hali ya hewa isiyobadilika.

Tafakari za Kikatoliki zina faida ya kufungwa na kisa cha mwaka. Mfano ulio bora ni kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kinachotolewa na maaskofu Wakatoliki wa Kenya kupitia Tume ya Haki na Amani. Kila juma lina kisa kifupi chenye picha, kisha maswali, kisha wito wa kutenda. Kijitabu hiki hujadiliwa katika jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa nguzo ya uchungaji katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Kifani, hapa tafakari inaikaribia fasihi simulizi: kisa kimoja, wasikilizaji wameketi nyumbani kwa mmoja wao, na maana inatafutwa kwa majibizano. Kitabu hutoa mifupa na jumuiya huweka nyama.

KWARESIMA: PUNJE NA GHALA

Ni katika Kwaresima ambapo mwaka wa kanisa na mwaka wa shamba vinasemezana vizuri zaidi, ijapokuwa vinasemezana kwa kupingana.

Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Kwaresima basi ni majira ya kulima, kupanda na kupalilia mara ya kwanza. Katika mwaka B wa masomo, Dominika ya tano ya Kwaresima husomwa sura ya 12 ya Injili ya Yohane, penye mfano wa punje inayofia ardhini ili izae. Kwa mkulima wa Bobasi au Borabu mfano huu hauhitaji ufafanuzi. Wakati huo mama wa nyumba ameshafanya uamuzi mgumu: katika mahindi yaliyobaki, haya yasiliwe, haya yaende ardhini. Kutoa mbegu ghalani huku watoto wakitazama ni kufunga kwa aina yake, kufunga ambako hakukuamriwa na Jumatano ya Majivu.

Hapo ndipo penye ukinzani. Siku arobaini za mfungo huwakuta watu wakiwa bado na akiba. Pasaka ikifika, kanisa hutangaza siku hamsini za furaha, na siku hizo zinaelekea katika miezi ya kabla ya mavuno, ambapo ghala linazidi kuwa jepesi. Kanisa linapofunga, watu wanakula. Kanisa linaposhangilia, watu wanapunguza mlo. Tafakari ya Pasaka inayozungumza juu ya karamu bila kuliona jambo hili inasema na watu wengine. Ile inayoliona inaweza kusema neno zito zaidi: kwamba furaha ya Ufufuko haikupewa walioshiba, na kwamba wale wanaoimba aleluya huku wakisubiri mahindi yabebe wanaielewa imani kuwa ni kuona kabla ya kupata.

Hata hivyo mhakiki asitiwe upofu na uzuri wa shamba. Ardhi katika Kisii na Nyamira imegawanywa hadi vipande vidogo mno, na nyumba nyingi hununua mahindi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Majani chai hayana majira ya kupanda na kuvuna kama wimbi. Huchumwa mwaka mzima, na mwaka wake wa fedha hufikia kilele wakati malipo ya bonasi yanapotolewa, karibu na Oktoba. Mkulima anayepeleka majani Kebirigo au Kiamokama ana sikukuu ambayo haimo katika kalenda ya kanisa lolote. Tena njaa kali zaidi kwa wazazi wengi huja Januari, karo inapodaiwa, na ndiyo maana Wakenya kwa utani huuita mwezi huo *Njaanuari*. Tafakari inayotaja mavuno kana kwamba kila msikilizaji ana ghala ni ya kigeni sawasawa na ile inayotaja theluji.

DESEMBA: UKIMYA

Desemba ni mwezi wa mabasi kutoka Nairobi, wa harusi, wa nyama, na wa jando. Tohara ya Abagusii, ambayo Philip Mayer aliieleza katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1953, ilifuata mavuno. Elimu ya shule ikaifunga na likizo ya mwisho wa mwaka. Mvulana huingia akiwa *omoisia* na hutoka akiwa *omomura*. Kwa hiyo katika nyumba nyingi Noeli humkuta mtoto mmoja akiwa amejitenga, akiuguza kidonda, huku wengine wakila sikukuu.

Je, mwandishi wa tafakari angeweza kupewa nini zaidi? Majilio ni majira ya kungoja, na hapa kuna nyumba inayongoja mtu mpya. Noeli ni habari ya mwana, na hapa kuna mwana. Tena iko tarehe ya kwanza Januari. Kwa karne nyingi Kanisa la Kirumi liliiita siku hiyo sikukuu ya Kutahiriwa kwa Bwana, kwa kuwa ni siku ya nane baada ya Noeli. Jina hilo liliondolewa mwaka 1960, na kalenda mpya ya mwaka 1969 ikaifanya siku hiyo kuwa ya Maria Mama wa Mungu. Sababu za mabadiliko zilikuwa za kiliturujia, na si neno. Lakini ni ajabu ya historia kwamba jina hilo lilifutwa miaka michache tu kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujayafungulia makanisa ya Kiafrika mlango wa kusali kwa lugha zao. Injili ya siku hiyo, Luka 2, bado hutaja kutahiriwa na kupewa jina. Tafakari za siku hiyo huzungumza juu ya Mama wa Mungu, juu ya amani, ambayo tangu 1968 ina adhimisho lake tarehe hiyo hiyo, na juu ya mwaka mpya. Kuhusu tohara hupita kimya kimya, kana kwamba mbele ya altare hakuna mama aliyemwacha kijana wake nyumbani amefungiwa.

Ukimya huo una gharama, na gharama yenyewe haiangukii wavulana. Desemba ni pia mwezi ambao wasichana hukeketwa. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake yapata 84 kati ya kila 100 wa jamii ya Abagusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa Kenya nzima idadi ilikuwa 21. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza kuwakeketa watoto, na sheria ya mwaka 2011 ikakataza ukeketaji wa kila mwanamke. Tendo halikukoma, lilijificha, likapunguza ngoma, likatafuta wasichana wadogo zaidi.

Makanisa yamehubiri dhidi yake na kuandaa semina. Lakini semina si tafakari. Semina hutoa amri na takwimu. Tafakari huingia mahali ambapo mtu huzungumza na Mungu wake peke yake. Katika Dominika ya nne ya Majilio, mwaka B, husomwa habari ya malaika na Maria. Aghalabu tafakari humsifu Maria kwa utii, na kuishia hapo. Inasahau kwamba katika habari hiyo binti anaulizwa, anauliza, na kinachofanyika mwilini mwake kinangoja neno lake. Na siku chache baadaye, katika sura inayofuata, mtoto wa kiume anatahiriwa siku ya nane, ilhali katika Maandiko yote hakuna binti mmoja aliyekatwa kwa amri ya Mungu. Mwandishi angeyaweka mambo haya mawili kando kwa kando, bila kufoka, asomwe Majilio na tarehe ya kwanza Januari huko Nyamira, angekuwa amefanya kazi ambayo sheria haijaiweza.

Waadventista hawawezi kujitoa katika lawama hii kwa kusema kwamba hawana Majilio. Desemba wanayo. Ukurasa wa *Kesha* husomwa alfajiri katika nyumba ile ile ambamo shangazi na nyanya wamekwisha kupanga siku.

HITIMISHO

Huenda ikadaiwa kwamba kitabu kinachochapishwa kwa ajili ya wasomaji wa nchi nzima hakiwezi kuandikwa kwa ajili ya wilaya moja. Dai hilo ni la haki, lakini linathibitisha tu kwamba tafakari zinazohitajika hazijaandikwa. Zinahitaji waandishi wanaojua Kiswahili sanifu na wanaojua pia ni lini wimbi hupandwa, bonasi hulipwa, na mvulana hutolewa jandoni. Watu kama hao wapo: makatekista, wazee wa kanisa, walimu wa shule za Kisii na Nyamira. Wengi wao huongea tafakari nzuri katika jumuiya na makambini, na maneno yao huishia hapo.

Idara za lugha zina wajibu katika jambo hili. Kwanza, kurekodi tafakari za mdomo kama zinavyorekodiwa hadithi na nyimbo za tohara, kwa maana ni fasihi simulizi iliyo hai. Pili, kuchunguza msamiati wa majira katika tafsiri za Biblia za Kiswahili na za lugha za bara, ili ijulikane ni wapi neno limebeba maana na ni wapi limebeba sauti tu. Tatu, kuacha kudhani kwamba maandishi ya ibada si sehemu ya uhakiki. Mama anayesoma ukurasa wa alfajiri kabla ya kwenda kuchuma majani chai ni msomaji wa Kiswahili kama msomaji mwingine yeyote. Anastahili nathari inayojua kwamba nje kunanyesha, na kwamba binti yake amefunga shule.